Orodha niliyoinakili kwa mkono wangu

Usiku mmoja wa mwaka 2012, nikiwa na mabinti watatu na nikifundisha Hisabati katika shule moja ya sekondari jijini Mwanza, nilikaa mezani baada ya watoto kulala nikainakili kwa kalamu ya bluu orodha ya vyakula ambavyo mwanamke anayetaka kuzaa mtoto wa kiume alitakiwa avile, pamoja na vile alivyotakiwa aviepuke. Orodha hiyo aliniletea mama mkwe kutoka Tarime, imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa anachofungia pesa zake. Yeye aliipata kwa mwanamke wa kanisani kwao, ambaye naye aliipewa na mwingine, na karatasi ilikuwa imechakaa hadi mikunjo imekula baadhi ya maneno. Ndiyo maana aliniomba niiandike upya, nakala moja yangu na moja yake, kwa kuwa, kama alivyosema, mwalimu hakosi mwandiko mzuri.

Upande wa kula kulikuwa na ndizi mbivu, viazi, nyama nyekundu kila siku ikiwezekana, na chumvi ya kutosha, hata ile ya kuongeza mezani. Upande wa kutokula kulikuwa na maziwa, yawe mabichi au mgando, dagaa, karanga, mchicha na mboga nyingine za majani. Chini yake iliandikwa kwamba mlo huo uanze miezi mitatu kabla ya kushika mimba. Neno "miezi" lilikuwa limefutika, nikalikisia, na mbele yake nikaandika tarakimu 3 kwa namna yangu, yenye kichwa bapa kama cha 7, ambayo wanafunzi wangu huicheka.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, ilikuwaje mtu aliyesoma Biolojia hadi kidato cha nne akakubali jambo hilo. Nilijua kwamba yai la mwanamke hubeba kromosomu X daima, na kwamba mbegu ya mwanamume ndiyo huja na X au Y, ikaamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Nililijua kama ninavyojua mji mkuu wa nchi ambayo sijawahi kuitembelea. Lakini pia nilijua yanayosemwa kwenye vikao vya ukoo wa mume wangu, ambako ardhi hupita kwa wana wa kiume, na ambako mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake chini ya desturi ya nyumba ntobhu, ili huyo amzalie mrithi. Mama mkwe alikuwa na shangazi aliyeishi katika nyumba ya namna hiyo. Hakuwahi kunitukana wala kunitishia. Aliniambia kwa sauti ya chini, huku akichambua mchele, "Mwanangu, mimi sikulaumu. Ila wewe huyasikii maneno yanayosemwa ukiondoka, mimi nayasikia."

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii naiona ya haki zaidi kuliko woga wangu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na utotoni tulizoea habari za kasa. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilikwenda Ushongo kutazama vifaranga wao wakitoka mchangani, katika viota vilivyolindwa baada ya mayai kuhamishwa kutoka kisiwa cha Maziwe, ambako maji yakijaa hufunika mchanga wote. Mlinzi wa viota alitueleza jambo ambalo sikulisahau: kasa hazaliwi na jinsia iliyokwisha kuamuliwa na mbegu ya baba yake, bali joto la mchanga ndilo huamua yai likiwa limelala humo. Mchanga ukiwa wa baridi kidogo hutoka madume, ukipata joto hutoka majike, na mpaka wenyewe uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi. Kwa hiyo imani kwamba mazingira ya mama huamua jinsia ya mtoto si upuuzi mtupu. Wako viumbe ambao kwao ndivyo ilivyo, na baadhi yao wako ufukweni kwetu. Niliichukua hoja ya kasa nikajivika mimi, nikasahau kwamba sisi hatutagi mchangani.

Nikaanza mlo. Anayeishi Mwanza akiacha dagaa ameacha nusu ya jiko lake. Nilipika vyakula aina mbili, sufuria ya watoto yenye dagaa na mchicha, na yangu yenye nyama na viazi, na binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka sita, aliniuliza kwa nini mimi sili mboga ilhali wao nawalazimisha. Nilimwambia daktari amekataza. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliusema bila kupepesa macho.

Mimba ilishika mwezi wa nne wa mlo, na mama mkwe akashauri niendelee nao ili "usivuruge". Kliniki nilikwenda nikiwa na wiki kumi na sita. Muuguzi alinitoboa kidole, akapima damu, akaandika kwenye kadi 8.8, kisha akapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa maana mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Akaniuliza ninakula nini. Nikamtajia ninavyokula, sikumtajia nisivyokula. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akanihimiza kula mboga za majani na dagaa, nami nikaitikia kwa heshima na kurudi nyumbani kwenye ndizi zangu na chumvi yangu. Vidonge nilivimeza, namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu orodha haikuvitaja.

Katika wiki ya 35 miguu ilijaa hadi viatu vikakataa, kichwa kikauma siku tatu mfululizo, na kliniki presha yangu ikasomeka 150 kwa 100, huku mkojo ukionyesha protini. Nililazwa. Daktari hakunificha kwamba hiyo ndiyo njia inayoelekea kwenye kifafa cha mimba, na nikiwa na wiki 37 nilianzishiwa uchungu. Siwezi kuandika hapa kwamba mlo ule ndio uliopandisha presha, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata hata wanaokula vizuri. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba Shirika la Afya Duniani hupendekeza wajawazito wa sehemu ambazo chakula kina uhaba wa kalsiamu waongezewe madini hayo ili kupunguza hatari ya presha ya mimba, na kwamba mimi, kwa hiari yangu, nilikuwa nimeondoa mezani maziwa, dagaa na mboga, yaani karibu kila chenye kalsiamu ninachoweza kukipata kwa bei ya mshahara wa mwalimu.

Mtoto alizaliwa na kilo mbili na nusu. Alikuwa wa kiume.

Laiti angekuwa msichana, nafikiri orodha ingekufa siku ile. Lakini alikuwa mvulana, na kabla sijatoka wodini habari zilikwisha kufika Tarime kwamba mlo umefanya kazi. Nilichinjiwa mbuzi. Wajomba wa mume wangu, ambao kwa miaka tisa walinisalimu kama mtu anayepita njia, walinishika mkono kwa mikono miwili. Mama mkwe aliitoa nakala yake mbele ya wanawake, mwandiko wangu ukionekana wazi, akasema, "Huyu ni mwalimu, hawezi kuandika jambo la uongo." Wanawake watatu waliomba wapigiwe fotokopi, nami nilikuwa nimeketi pale na mtoto kifuani, nikiyajua yote ya 8.8 na 150 kwa 100, nikatabasamu. Heshima ni tamu, hasa ukiwa umeinyimwa muda mrefu.

Mmoja wa waliochukua nakala ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa na mabinti wawili. Mwaka 2015 aliufuata mlo kwa uaminifu kuliko mimi. Hata chai ya maziwa ya msibani aliikataa. Akazaa binti wa tatu. Mumewe alimwambia kwamba amekula kwa siri, kwa kuwa orodha ileile ilinipa mimi mtoto wa kiume, na ushahidi ulikuwa unakimbia uani. Wifi alikuja Mwanza na mtoto wa miezi miwili, amekonda, akaniuliza kwa upole uliozidi kuniumiza, "Wifi, ni kitu gani mimi nilikosea?"

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama jambo hili kwa macho ya kazi yangu, na nilianzia darasani. Niliwapa wanafunzi 48 wa kidato cha tatu kila mmoja kurusha sarafu ya shilingi mia mbili mara nne, upande mmoja Karume na upande wa pili simba, na kuandika matokeo. Kwa hesabu, mmoja katika kila 16 anapaswa kupata simba mara zote nne, yaani watatu kati ya 48. Walipatikana wanne. Mmoja wao, kijana mwenye mdomo, alisimama akipeperusha daftari lake kama bingwa, na mwenzake akauliza kwa sauti, "Huyu amekula nini asubuhi?" Darasa lilicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Watoto hawazaliwi kama sarafu kamili, kwa sababu duniani huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana katika nyumba moja. Familia yenye mabinti watatu mfululizo si ya ajabu; katika kila familia nane zenye watoto watatu utaikuta takriban moja. Na uzazi wa nne haukumbuki tatu zilizotangulia. Kwa hiyo dawa yoyote ya kupata mtoto wa kiume, iwe ndizi, mizizi au kulalia ubavu wa kulia, itafaulu karibu nusu ya nyakati bila kufanya kazi hata mara moja. Sokoni kwetu kuna mzee anayeuza chupa ya mizizi kwa shilingi 30,000, na kwa sababu ya uaminifu wake hurudisha pesa yote kwa atakayezaa msichana. Watu humsifu. Nilipiga hesabu: akipata wateja 100, wapatao 51 watazaa wavulana hata kama chupa ina maji ya bomba, atawarudishia 49 na kubaki na shilingi 1,530,000 pamoja na mashahidi 51 wenye furaha, ambao kila mmoja atamletea jirani.

Kisha nikaanza kusoma. Nilitaka kujua orodha ilitoka wapi, na kwa mshangao wangu haikutoka Tarime wala kwa mganga yeyote wa Kanda ya Ziwa. Chumvi na potasiamu, madini yaliyomo katika ndizi na viazi, kwa wavulana, kalsiamu na magnesiamu kwa wasichana, ni nadharia iliyoenezwa Ufaransa na mtafiti Joseph Stolkowski na mwenzake karibu na mwaka 1980. Imevuka bahari, ikabadilishiwa vyakula, jibini ikawa maziwa mgando, hadi ikaonekana kama urithi wa bibi. Uingereza nako, mwaka 2008, ulichapishwa utafiti wa wanawake 740 waliokuwa na mimba ya kwanza, ambao ulisema kwamba miongoni mwa waliokula chakula chenye nguvu nyingi zaidi kabla ya mimba asilimia 56 walizaa wavulana, na miongoni mwa waliokula kidogo zaidi ni asilimia 45. Magazeti yaliushangilia. Mwaka uliofuata wataalamu wa takwimu walijibu kwamba watafiti walikuwa wamepima zaidi ya vyakula 130, na ukipima vitu vingi hivyo lazima vichache vionekane na uhusiano kwa bahati tu, kama simba wanne wa mwanafunzi wangu. Hiyo ni hoja ya kidato cha nne, na niliumia kwamba sikuwa nimeitumia jikoni kwangu.

Njaa ndiyo ingekuwa mtihani mkubwa zaidi wa nadharia ya chakula. Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mgawo wa chakula ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na waliochunguza vizazi vya wakati ule hawakuona mabadiliko katika uwiano wa wavulana na wasichana. Kwa njaa ya China ya 1959 hadi 1961 uko utafiti ulioona wavulana wakipungua kidogo. Hata ukiukubali huo wa China, unazungumzia tofauti ndogo inayoonekana katika maelfu kwa maelfu ya vizazi, na katika njaa iliyoua mamilioni. Haumpi mwanamke mmoja wa Nyamagana sababu ya kuacha mchicha.

Kuhusu siku za kukutana, ambazo wifi naye alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nadharia ya daktari wa Marekani Landrum Shettles ilidai kwamba mbegu zenye Y huogelea kwa kasi zaidi, hivyo wenzi wakikutana karibu na siku yai linapopevuka watapata mvulana. Mwaka 1995 watafiti wa North Carolina waliowafuatilia wanawake 221 waliotaka kupata mimba walionyesha kwamba mimba hushika katika siku sita zinazoishia siku ya yai kupevuka, na kwamba siku iliyotumika haikuwa na uhusiano na jinsia ya mtoto.

Na kula baada ya mimba kushika, kama nilivyoshauriwa ili "nisivuruge", hakuna cha kuvuruga. Jeni iliyoko kwenye kromosomu Y inayoanzisha umbile la kiume, ambayo wanasayansi wa London waliitambua mwaka 1990 na kuiita SRY, huwa tayari imo ndani ya kiinitete tangu mbegu ilipoingia kwenye yai. Kazi yake huanza katika wiki za mwanzo za mimba. Mambo ya nje yaliyoonekana kugusa uwiano yapo, na mfano ninaoukumbuka ni wa Seveso, Italia, ambako mwaka 1976 kiwanda kilimwaga sumu ya dioksini hewani. Wanaume waliovuta sumu hiyo wakiwa vijana wadogo walikuja kuzaa wasichana wengi kuliko wavulana, ilhali kwa wanawake waliovuta sumu ileile uhusiano huo haukuonekana. Nilimsomea mume wangu aya hiyo mara mbili. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe."

Kazi ngumu ilikuwa mama mkwe. Kumweleza kuhusu kromosomu kungekuwa kumwonyesha kwamba nimesoma, na hilo alilijua. Nilimfuata Tarime, tukaketi nje akikamua, nikamwuliza kuhusu ng'ombe wa maziwa wa jirani yake, anayepandishwa kwa uhimilishaji, yaani kuwekewa mbegu na mtaalamu bila dume.

"Mama, yule jirani akitaka mtamba, hambadilishii ng'ombe majani?"

"Majani yanahusiana nini? Ananunua ile mbegu ya bei, ya kuzaa majike."

"Mbegu ya nani, mama?"

Alikamua mara tatu nne kabla ya kujibu. Mbegu hizo, ambazo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huzinunua kwa bei ya juu kuliko za kawaida, huchambuliwa kwa mashine kwa sababu mbegu yenye X ina vinasaba vingi kidogo kuliko yenye Y, na bado mara moja moja huzaliwa dume. Kama nyasi zingetosha, nani angelipia mashine? Sikulisema hilo, alikuwa amekwisha kulifikia mwenyewe. Alisema tu, bila kunitazama, "Basi ni dume." Kisha akaongeza, "Miaka yote hii wanawake wamepigwa kwa ajili ya dume." Jioni ile ile alimpigia simu mkwewe, mume wa wifi, na mimi nilitoka nje nisisikie aliyoambiwa.

Wifi hakurudia mlo. Ana mabinti watatu hadi leo na hataki mwingine, na mumewe ameacha kuuliza. Sitasema ameridhika.

Mwaka 2023, katika chumba cha walimu, mwenzangu mdogo aliyeolewa mwaka uliotangulia alinisogezea simu yake akaniomba ushauri, kwa kuwa ana binti mmoja na wakweze wameanza maneno. Kwenye kioo ilikuwa picha ya fotokopi ya fotokopi, imepauka, maneno ya pembeni yamekatwa, na mtu ameongeza kwa kalamu nyingine kwamba asali pia inaruhusiwa. Katikati yake ilisomeka "miezi 3", tarakimu ikiwa na kichwa bapa kama cha 7.

Nilimwambia kwamba mwandiko ule ni wangu. Nilimsimulia damu ya 8.8, presha, wiki ya 37, wifi yangu na ng'ombe wa Tarime, kengele ya kipindi ikalia na hatukuinuka. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama yule mtoto niliyempata alikuwa wa kiume. Nilimjibu kweli kwamba ndiyo, naye akaitazama tena ile picha, akaihifadhi.